Wasomaji Wanauliza: Nani Aliyelipia Reli, Vita na Umeme Wetu?

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji walete maswali kuhusu vita, uvumbuzi na mabadiliko ya jamii yaliyoiumba dunia tunayoishi, hasa hapa Uganda. Barua zilizofika zimenifurahisha, kwa sababu karibu zote zinaanzia kwenye kitu ambacho mwandishi wake anakiona kwa macho: njia ya reli, kanisa la kale, bwawa, simu ya mkononi. Nimechagua sita. Msomaji ataona kwamba katika kila jibu narudi kwenye hoja moja: hatuwezi kusema chombo fulani au vita fulani vilibadilisha nchi kabla ya kuuliza vilikuwa mikononi mwa nani, na gharama zake zilitoka mfuko gani.

Tulifundishwa kwamba reli iliyoanza Mombasa iliitwa Reli ya Uganda. Mbona ilikomea Kisumu, mji ulio Kenya? Na Waingereza walifuata nini huku mbali?
Mwanafunzi wa sekondari, Tororo

Mwanangu, swali lako la kwanza lina jibu fupi. Reli ilipofika ziwani mwezi Desemba 1901, mahali pale palihesabiwa kuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902, na ndipo Kisumu ikaingia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Kutoka hapo abiria na mizigo walivuka kwa meli, na garimoshi halikuingia Kampala hadi mwaka 1931.

Swali la pili linatulazimu kuanzia mbali. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, njia ya meli kutoka Uingereza kwenda India ilifupika kwa maelfu ya kilomita, na Misri ikawa mlango ambao London haikutaka ushikwe na mtu mwingine. Mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yaliikalia Misri. Kwa kuwa Misri haiishi bila maji ya Nile, wakubwa wa London waliingiwa na hofu kwamba dola lolote la Ulaya litakaloshika chanzo cha mto huo litakuwa limeishika Misri koo. Ndiyo maana katika mkataba wa Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza eneo hili, na Juni 1894 Uganda ikatangazwa rasmi kuwa nchi lindwa. Hakuna Muganda wala Msoga aliyeketi kwenye meza ya mkataba ule.

Kuishika nchi iliyo mbali hivyo na bahari hakukuwa rahisi, kwani mpagazi mmoja alibeba takriban kilo 30 kichwani na safari ya kutoka pwani ilichukua kama miezi mitatu. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na kama 2,500 kati yao walifia kazini. Simba wa Tsavo, waliokula baadhi ya vibarua, wamepewa nafasi kubwa mno katika simulizi za ujenzi huo, ilhali maradhi yaliua wengi zaidi kuliko simba. Gharama zilipita pauni milioni 5, na hazina ya Uingereza iliyozitoa ilitaka kuona nchi hii ikijilipia yenyewe.

Hapo ndipo mkulima wetu anapoingia. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba na rupia 3 kwa kila bunduki. Rupia hazioti shambani pamoja na matoke, kwa hiyo ilibidi kipatikane kitu cha kuuza. Mwaka 1903 Kristen Borup wa CMS, misheni ya Kiprotestanti ya Waingereza, aligawa mbegu za pamba kwa machifu, na machifu wakawaagiza watu wao wapande. Nyuma ya mbegu hizo kulikuwa na kumbukumbu chungu ya wenye viwanda vya nguo wa Lancashire, Uingereza: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliwakatia pamba, mashine zikasimama na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kula. Hawakutaka tena kutegemea muuzaji mmoja, na mwaka 1902 waliunda chama cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni. Hivyo vita vilivyopiganwa Marekani kuhusu utumwa vina mkono wao katika shamba la babu yako, ingawa vilikwisha miaka karibu 40 kabla mbegu hazijafika.

Tazama msimu wa mauzo ulivyokuwa. Familia nzima inachuma, kisha inakaa kivulini kutenga pamba safi na ile yenye madoa na takataka iliyoitwa fifi, kwa kuwa bei zake hazilingani. Gunia linapelekwa kwenye kituo cha ununuzi, kichwani au, kwa aliyejaliwa, kwenye baiskeli iliyonunuliwa kwa pamba ya mwaka uliopita. Mwenye mizani anasoma uzito, na yeye huyo huyo ndiye anayeamua kama pamba ni safi au fifi. Kutoka hapo gunia linakwenda kiwandani kuchambuliwa, na leseni za kuchambua zilikuwa mikononi mwa makampuni ya Wazungu na Wahindi. Mwafrika aliruhusiwa kulima. Faida iliyopatikana baada ya jembe haikuwa yake.

Huko Buganda kulikuwa na mzigo wa pili. Mkataba ule ule wa 1900 uliwagawia machifu ardhi ya mailo, yaani ardhi ya kuimiliki wenyewe moja kwa moja, na wenye mailo wakawa wanadai sehemu ya pamba ya wapangaji wao, ushuru ulioitwa envujjo, pamoja na kodi ya kiwanja iliyoitwa busuulu. Madai yalizidi kupanda hadi sheria ya mwaka 1928 ilipoweka kikomo na kumlinda mpangaji asifukuzwe ovyo. Vitabu vya shule huipitia sheria hiyo kwa mstari mmoja. Kwa maoni yangu ilimgusa mkulima wa Buganda kwa undani kuliko kufika kwa garimoshi Kampala miaka mitatu baadaye, kwa sababu ndiyo iliyomwezesha kubakiwa na kitu mfukoni.

Babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na alipigana Burma. Kwa nini watu wengi Kampala hukiita Kiswahili lugha ya askari na majambazi? Na je, ni kweli kwamba askari waliorudi ndio walioleta uhuru?
Mjukuu wa askari, Bombo

Ndugu yangu, wewe uko Bombo, mji wa kambi ya jeshi, kwa hiyo umezaliwa ndani ya historia hii. Mwaka 1891 Frederick Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha, gavana aliyeitawala Sudan ya kusini kwa niaba ya Misri, magharibi mwa Ziwa Albert, akawaleta huku, na wakawa uti wa mgongo wa jeshi la kikoloni. Walitumikishwa kwa safari zisizokwisha na kwa ujira mdogo uliochelewa, hata mwaka 1897 wengi wao wakaasi na kujifungia katika ngome ya Luba huko Busoga. Baada ya uasi kuzimwa jeshi lilipangwa upya, na mwaka 1902 vikosi vya Uganda, Kenya na Nyasaland (Malawi ya leo) viliunganishwa kuwa King's African Rifles. Askari waliotoka makabila mengi walihitaji lugha moja ya amri, nayo ikawa Kiswahili.

Sasa angalia nani aliandikishwa. Serikali iliamini kwamba Waacholi, Walango, Wateso na watu wa West Nile walizaliwa wawe wapiganaji, imani isiyo na msingi wowote, lakini iliyofaa sana hesabu za kikoloni: kusini kulime pamba na kahawa, kaskazini kutoe askari na vibarua. Tulipopata uhuru mwaka 1962 tulirithi jeshi la namna hiyo, lenye sura ya upande mmoja wa nchi na lugha ambayo wakulima wa kusini hawakuizoea. Idi Amin, aliyejiunga na KAR mwaka 1946, alipindua serikali Januari 1971. Mwaka 1973 alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na katika miaka hiyo hiyo raia alikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani, kikisemwa na mtu mwenye bunduki. Hofu ya namna hiyo haisahauliki upesi.

Hata hivyo chuki ina mzizi wa zamani zaidi ambao watu wengi hawautaji. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 Kiswahili kitumike zaidi shuleni na serikalini, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alipinga, na wengi Buganda walimuunga mkono. Wakati huo London ilikuwa ikijadili kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, na Waganda waliona kwamba muungano huo ungewapa walowezi wa Kenya sauti juu ya ardhi yao. Walichokuwa wakikitetea ni ardhi, na Kiswahili kilipata lawama kwa kuonekana kimefika pamoja na tishio hilo. Nasema haya kwa sababu nakipenda Kiswahili na ningependa Waganda wakipokee. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na tangu hapo kimekuwa kikisogea polepole kuingia madarasani. Mtoto wa Masaka anayekisoma leo apaswa kuambiwa ukweli huu wote, badala ya kuambiwa kwamba bibi yake alikuwa mjinga kukichukia.

Kuhusu uhuru, askari walichangia, lakini nisingewapa sifa yote. Vijana kama 77,000 wa Uganda walihudumu katika Vita vya Pili vya Dunia. Walipigana Ethiopia dhidi ya Waitalia mwaka 1941, wakaenda Madagascar mwaka 1942, na mwaka 1944 wakawa Burma, wakisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa masika, kwenye matope na malaria, hadi mto Chindwin. Waliona Mzungu akimkimbia Mjapani, na waliona Wahindi wakidai nchi yao. Walirudi na ujuzi wa udereva, ufundi na kusoma, wakakuta kazi chache na bei za vitu zimepanda.

Wakati wao wakiwa vitani, waliobaki nyumbani walikuwa wanalipia vita kwa njia nyingine. Serikali iliuza pamba kwa bei moja na kumlipa mkulima bei iliyo chini, na tofauti ikawekwa katika mfuko ambao mkulima hakuwa na sauti juu yake. Januari 1945 wafanyakazi waligoma, na Septemba mwaka huo Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliuawa kwa risasi. Aprili 1949 Buganda iliwaka tena. Miongoni mwa waliojitokeza walikuwa wakulima wa chama cha Ignatius Musazi na madereva wa magari, na madai yao yalikuwa wazi: tuchague machifu wetu, tuchambue na kuuza pamba yetu wenyewe. Musazi huyo ndiye aliyeanzisha chama cha siasa cha Uganda National Congress mwaka 1952. Kwa hiyo babu yako astahili heshima yake, na karibu naye asimame yule mkulima aliyechoka na mizani.

Bunduki na kitabu, ni kipi kilichobadilisha Buganda zaidi?
Mwalimu wa historia, Masaka

Mwalimu, vilikuja karibu pamoja na vilifanya kazi pamoja. Wafanyabiashara kutoka Zanzibar walileta bunduki, nguo na Uislamu tangu enzi za Kabaka Suna. Wamisionari wa CMS walifika mwaka 1877, Mapadre Weupe, ambao ni Wakatoliki, mwaka 1879, na Alexander Mackay wa CMS alichapa karatasi za kusomea kwa mashine yake hapo hapo Buganda. Vijana wa ikulu walizigombania. Kufikia mwaka 1888 makundi ya dini yalikuwa na silaha, yakapigana hadi Januari 1892, ambapo Lugard, mwenye bunduki ya Maxim inayofyatua risasi mfululizo na bunduki za kawaida alizowagawia Waprotestanti, aliwashinda Wakatoliki huko Mengo.

Bunduki iliamua nani ashinde siku ile. Nani amiliki ardhi kwa miaka 100 iliyofuata iliamuliwa na kusoma, kwa maana walioweza kukaa mezani na Waingereza mwaka 1900 walikuwa wasomi kama Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, na mailo bora zilikwenda kwao na kwa wenzao. Baadaye kusoma kukaenea, magazeti ya Kiganda kama Munno, lililoanza mwaka 1911, yakasomwa kwa sauti mbele ya wasiojua herufi, na kalamu iliyowapa machifu ardhi ikawa kalamu ya kuwashtaki. Ningewashauri wanafunzi wako waanzie hapo.

Huku kwetu Nyabyeya kuna kanisa na makaburi ya Wapolandi. Walifikaje katikati ya Afrika?
Msomaji, Masindi

Walifika kwa sababu ya vita ambavyo hawakuvianzisha. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na siku chache baadaye Umoja wa Kisovyeti ukaingia kutoka mashariki. Wasovyeti waliwakamata mamia ya maelfu ya Wapolandi, familia nzima nzima, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kwa treni za mizigo. Ujerumani ilipowageukia Wasovyeti Juni 1941, Moscow ilihitaji marafiki, ikawaachia wafungwa hao. Wanaume waliunda jeshi. Wanawake, watoto na wazee walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran mwaka 1942, na Uingereza ikatafuta mahali pa kuwaweka katika makoloni yake. Takriban 7,000 waliletwa Uganda, katika kambi mbili: Nyabyeya, pembeni mwa msitu wa Budongo, na Koja, kando ya Ziwa Victoria upande wa Mukono.

Waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi, wakalima, wakafungua shule na kujenga kanisa hilo unaloliona. Vita vilipokwisha, vijiji walikotoka vilikuwa vimeingizwa ndani ya mipaka ya Umoja wa Kisovyeti, na Poland yenyewe ikawa chini ya utawala waliouogopa. Wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi zilikuwa zimefungwa.

Nakuomba uwaonyeshe vijana makaburi hayo, kwa sababu siku hizi neno mkimbizi likitajwa watu hufikiria tu jirani zetu wa Sudan Kusini na Kongo. Uganda sasa inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria yetu ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea huru, jambo ambalo nchi nyingi zilizo tajiri kuliko sisi zimelikataa. Wanaolipa sehemu kubwa ya gharama hiyo ni wakulima wa wilaya kama yako, wanaogawana na wageni mashamba, kuni na maji, na wanastahili msaada mkubwa zaidi kuliko wanaoupata.

Je, bwawa la Owen lilileta maendeleo au lilituondolea maporomoko yetu bure?
Mstaafu wa kiwanda cha nguo, Jinja

Mzee wangu, halikuwa bure, ila faida zake ziligawanywa kwa upendeleo. Malkia Elizabeth alilizindua tarehe 29 Aprili 1954, baada ya Uingereza kukubaliana kwanza na Misri, kwa sababu ile ile ya hofu ya Nile niliyoieleza hapo juu. Maporomoko ya Ripon yalifunikwa na maji. Jinja ilipata kiwanda cha nguo cha Nyanza, na tangu mwaka 1956 shaba ya mgodi wa Kilembe ikawa inayeyushwa hapo, mkapata mji wa wafanyakazi wenye mishahara na vyama vyao. Wakati huo huo nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa ya nyasi ya Busoga zikielekea mbali, na hadi leo wapo wanaoishi chini ya nyaya hizo na kusomea taa ya mafuta. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972 viwanda vingi vilikosa wasimamizi na vipuri, na wewe unayajua yaliyofuata kuliko mimi. Machi 2025 mkataba wa kampuni ya Umeme, iliyosambaza umeme kwa miaka 20, ulikwisha na kazi ikarudi serikalini. Swali lako utaweza kulijibu vizuri zaidi kwa kuhesabu nyumba za kijijini kwako zitakazounganishwa kuanzia sasa.

Mimi nauza mitumba Owino na biashara yangu yote iko kwenye simu. Je, simu itakuja kuhesabiwa pamoja na reli katika historia?
Mfanyabiashara, Kampala

Dada yangu, naamini itahesabiwa juu ya reli. Mwaka 1995, kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ilipoanza hapa, simu ilikuwa ya matajiri. Ushindani ulipoingia mwaka 1998 bei zikashuka, na huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza mwaka 2009 ilimfikia mama wa kijijini ambaye hakuna benki iliyowahi kumfungulia mlango. Reli ilikuja na njia moja, kutoka shambani hadi bandarini, na bei ikapangwa kule mwisho wa njia. Simu inamwezesha mkulima wa Kapchorwa kuuliza bei ya mahindi Kampala kabla hajapakia gunia, na hilo linampunguzia mnunuzi nguvu zile za mwenye mizani.

Lakini kodi nayo haikuchelewa. Julai 2018 serikali ilitoza asilimia 1 kwa miamala ya pesa za simu na shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Watu walilalamika kwa nguvu, na ile ya miamala ikapunguzwa hadi asilimia 0.5, ikabaki kwenye kutoa pesa tu. Ile ya shilingi 200 ilifutwa Julai 2021, na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bando za intaneti. Unapofunga hesabu zako za mwezi pale Owino, ziandike kodi hizo kwenye mstari wao, kando na ada ya kampuni, na uwaombe wenzako sokoni wafanye vivyo hivyo. Wakulima wa 1949 walisikilizwa walipokwenda wakiwa wengi, wakijua ni kiasi gani hasa kilichokatwa katika kila gunia.